Mjumbe Aliyefungwa na Mfalme Asa

Masomo: 2 Mambo ya Nyakati 16, Yohana 13:1–15

Mfalme Asa wa Yuda ametumiwa vibaya sana kwenye mimbari zetu. Kila anapotokea mhubiri anayetaka watu waache vidonge, hufungua sura ya 16 ya Mambo ya Nyakati wa Pili na kutuonyesha: mfalme aliugua miguu katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake, akawakimbilia waganga badala ya kumtafuta Mungu, na mwaka wa 41 akafa. Kwisha hadithi. Waumini wanarudi majumbani, na wale wenye maradhi ya sukari, presha au kifafa wanaanza kuzitazama dawa zao kwa jicho la mashaka.

Nawaomba muisome sura hiyo tangu mwanzo. Asa alichota fedha na dhahabu za hekalu akampelekea Ben-hadadi wa Dameski, ili amsaidie dhidi ya Baasha aliyekuwa akijenga Rama. Hanani mwonaji akaja kumwambia kwamba amekosea. Asa akaghadhibika, akamtia Hanani kifungoni, na raia wengine nao wakaonja ukali wake. Mistari miwili tu baada ya hapo ndipo tunaposikia habari za miguu. Kosa la kwenda kwa tabibu silioni. Isaya aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu la Hezekia, Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Ninachokiona ni mtu aliyezoea kumfunga anayemletea habari asiyoitaka. Mtu wa namna hiyo, hata waganga wamzunguke kitanda kizima, hawatamfaa, kwa kuwa hatawaambia ukweli wala hataupokea kutoka kwao.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mjumbe anayeingia kwa kupitia nyayo.

Yuko mama mmoja wa Fumba, makamo ya bibi yangu, ambaye hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwa muda nilikuwa nimemwona na tabia moja: tukisimama kusali na kufumba macho, yeye hushika benchi la mbele kwa mikono miwili. Akifumbua, anaachia. Niliichukulia kuwa ni uzee. Siku niliyokwenda kumtembelea, ukishazipita nyumba mpya za Nyamanzi na kuingia kule vijiji vya wavuvi vinakoanza, nilimkuta uani na beseni mbele yake. Mkwewe alikuwa amemchemshia maji ya chumvi ili amkande miguu. Niliyagusa maji yale nikarudisha mkono upesi. Yeye miguu ilikuwa imo ndani, na anaendelea kuniuliza habari za nyumbani.

“Yanakufaa, bi mkubwa?”

“Hayanifai kitu, baba padri. Usiku ndiyo tabu. Inawaka moto, hata shuka siitaki iiguse. Nautoa mguu kitandani nauweka sakafuni, kwenye saruji, upate kupoa. Kisha mchana hausikii kitu. Navaa ndara natoka, hatua tatu nne natazama chini, ndara moja imebaki mlangoni.”

“Daktari umemwambia?”

“Nimwambie nini, mwanangu? Foleni ya watu mpaka nje. Ananiuliza, hujambo mama? Namwambia sijambo, namshukuru Mungu. Anatazama sukari, anasema nzuri. Ananiandikia dawa nyingine, naondoka.”

Akaagiza aletewe dawa zake, zikaja ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zilikuwamo bahasha za vidonge vya presha, za metformini, na za omeprazoli aliyopewa kwa ajili ya kiungulia na ambayo hakuna aliyekumbuka kumwambia aache lini. Metformini ameimeza tangu mjukuu wake hajaanza chekechea. Mjukuu huyo sasa yuko kidato cha tatu.

Mimi si daktari, na sitawaandikia dawa kwenye tafakari. Lakini yapo mambo ambayo madaktari wameyaandika waziwazi kwa miaka mingi na hayajafika kwenye mabenchi yetu, na padri anayeingia nyumba za wagonjwa hana udhuru wa kutoyajua.

Metformini ni dawa njema. Asili yake inatokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha habari za kuitumia kwa wagonjwa wa sukari. Ndiyo dawa ya kwanza anayopewa karibu kila mwenye sukari ya ukubwani, kuanzia London mpaka hospitali yetu ya Mnazi Mmoja. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wanene walioitumia walikufa kwa uchache zaidi kuliko wenzao waliotegemea mpango wa chakula. Basi asiniambie mtu kwamba padri kasema metformini ni sumu.

Lakini dawa hiyo hiyo, ikitumiwa miaka, huuzuia utumbo kunyonya vitamini B12 inavyopasa. Madaktari walikuwa wakiliandika jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2010 Waholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 390 kwa zaidi ya miaka minne. Waliokuwa wakitumia metformini, B12 ilishuka kwa asilimia 19, na ilizidi kushuka kadiri muda ulivyokwenda. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikatangaza kwamba upungufu huu uhesabiwe kuwa ni dhara la kawaida la metformini, linaloweza kumpata hata mtu mmoja katika kila 10, na kwamba mwenye dalili apimwe. Na omeprazoli, kwa kuwa inapunguza tindikali ya tumbo inayoibandua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula, nayo huchangia ikitumiwa muda mrefu. Bibi yetu alikuwa nazo zote mbili ndani ya kopo moja.

B12 ikipungua, kinachoumia ni mishipa ya fahamu. Ala yake ya nje huharibika, na habari zinazopita ndani huvuja na kuchanganyika, kama waya wa umeme uliochunika: mara cheche, mara giza. Ndiyo maana mguu ule ule unawaka usiku na mchana hausikii. Ganzi hiyo huanza vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, ikapanda hadi kiwiko cha mguu na zaidi, sehemu ile ile inayofunikwa na soksi. Mgonjwa hupoteza pia habari ya mahali mguu wake ulipo, kwa hiyo hutegemea macho kumwambia. Akiyafumba, iwe kwa sala au kwa kunawa uso, anayumba. Wengine ulimi huwa laini na kuuma, wengine kumbukumbu hupungua, wengine damu hupungua. Na kwa kuwa ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa, hakuna anayeiona akiba ikiisha. Ndipo mtu anaposema, “Mbona dawa hii nimeitumia miaka yote bila tabu?”

Kuna ugumu mmoja ambao sitaki kuuficha. Sukari yenyewe, bila msaada wa kidonge chochote, huunguza mishipa ya fahamu kwa namna ile ile. Kwa hiyo mgonjwa wa sukari anaposema miguu inawaka, ni rahisi kila mtu, yeye na mkwewe na hata mhudumu, kusema “ni sukari hiyo” na kufunga mazungumzo. Mara nyingi watakuwa wamesema kweli. Lakini sehemu ya maumivu hayo ikiwa inatokana na B12, hiyo ndiyo sehemu inayotibika, kwa sindano au vidonge vya kiwango kikubwa, na hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Ikichelewa, kilichokufa hakirudi chote. Gharama ya kuuliza ni pumzi.

Hili si jambo geni katika nchi zetu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952, na baada ya miaka miwili tu madaktari walikuwa wameshaonyesha kwamba inamnyang'anya mtu vitamini B6 na kumwachia miguu inayochoma. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo na ukawa mfano kwa dunia, umewaponya watu wengi kwa dawa ambazo isoniazidi ni mojawapo. Mwenye kuitumia hivi leo, hasa mjamzito, mwenye VVU, mwenye sukari au mtu aliyedhoofika, aulize kama kidonge cha B6 kimo kwenye dozi yake. Kisha wapo waumini wetu wanaokumbuka dawa za mwanzo za kufubaza VVU, baada ya huduma ya bure kuanza Tanzania mwaka 2004. Zile zenye stavudini ziliwainua watu vitandani, zikawaachia wengi miguu iliyochoma kama makaa; pale tatizo halikuwa vitamini bali dawa yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziachane na stavudini, na miguu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Mabadiliko yale yalianzia kwa wagonjwa waliothubutu kulalamika juu ya dawa iliyokuwa ikiwaokoa. Naliona hilo kuwa ni ushujaa, ingawa hakuna aliyewapa nishani.

Dar es Salaam nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho walianza kupokea vijana waliokuwa wakipoteza nuru ya macho yote mawili, na baadhi yao wakisema miguu inawachoma. Wachunguzi walizielekeza shuku zao kwenye lishe na vitamini za kundi B. Miaka michache baadaye, kati ya 1991 na 1993, Kuba ilipatwa na janga lililofanana na hilo, watu zaidi ya 50,000, na serikali yake ikagawa vitamini kwa wananchi wote. Sisi Wazanzibari ambao tumetibiwa na madaktari wa Kikuba kwa miaka mingi tungefaa kuwauliza walisimuliwa nini na wazee wao.

Narudi kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Maumivu ya mguu ni mabaya, lakini mguu usiouma ni mbaya zaidi. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye miguu ya wagonjwa wa sukari, aliandika mwaka 2005 pamoja na wenzake kuhusu wagonjwa wa Tanzania waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala, na wasijue mpaka asubuhi walipoona damu. Someni tena sentensi hiyo polepole. Paul Brand, daktari mpasuaji aliyewahudumia wenye ukoma huko Vellore, India, alifikia kusema kwamba maumivu ni zawadi, baada ya kuona kwamba vidole vya wagonjwa wake haviliwi na ukoma wenyewe bali na moto, misumari na viatu ambavyo hawakuvihisi. Ukimkanda mama yako kwa maji usiyoweza kuyashika wewe, unamuunguza kwa mapenzi. Yapime kwa kiwiko chako wewe, mwenye mishipa mizima.

Na Fumba ardhi yetu ni mawe matupu, pwani yetu miamba. Akina mama wanaoshuka bamvua kutafuta pweza na chaza wanajua jiwe linavyokata. Anayekatwa na asihisi anarudi nyumbani na kidonda kilichokwisha kuingia mchanga, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Viatu vya kufunika vidole, hata vile vya plastiki, si anasa kwa mtu wa namna hiyo.

Pweza na chaza, nimewataja. B12 haimo kwenye mchicha wala muhogo wala maharage. Imo kwenye samaki, maini, mayai, maziwa, dagaa, na kwa wingi wa ajabu imo kwenye pweza na chaza, yaani vile vile ambavyo mikono ya Fumba inavitoa baharini na kuviuza kwa wanunuzi wa hoteli, kisha jioni mwenye kuvivua anakula muhogo kwa chai kavu. Siwalaumu, ada ya skuli hailipwi kwa pweza wa kuchemsha. Ila wazee wetu wana desturi ya kuwasukumia watoto kipande cha samaki na wao kubaki na mchuzi, na hiyo nayo ina hesabu yake. Hata hivyo, kama dawa ndiyo inayoziba njia, sahani peke yake huenda isitoshe. Wala msikimbilie duka la dawa kununua mchanganyiko wa vitamini B na kuumeza miaka bila kipimo. B6 ikizidi sana huharibu mishipa ile ile. Madaktari wa Marekani waliliripoti jambo hilo mwaka 1983 kwa watu waliokuwa wakijitibu kwa dozi kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililo letu hasa, sisi watu wa kisiwa hiki. Tumelelewa kwa heshima na stahamala. Ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni la shukrani, na mtu mzima hafichui yaliyo ndani mpaka chai imekwisha. Ni malezi mazuri na sitaki yapotee. Lakini chumba cha daktari hakina chai. Dakika alizonazo ni zile tu, na tukizitumia kumwambia kwamba hatujambo, ataandika kwamba hatujambo. Kumstahi mno hata usimwambie kuwa dawa yake huenda inakudhuru ni namna ya kumfunga Hanani. Na hapa niwaseme wenzangu wa mimbari: tunapomsifu mgonjwa kwa “kuvumilia bila kulalamika”, tunamfundisha kunyamaza, kisha tunaita unyamavu huo imani. Zaburi zimejaa malalamiko, na Mungu hakuyakata.

Wamisionari Wakatoliki waliofika Unguja mwaka 1860 wakitokea Réunion walifungua hospitali mapema sana. Waanglikana waliojenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa nao waliweka hospitali jirani yake. Hawakuona kwamba sala na dawa ni wake wenza. Sijui sisi tuliupata wapi ugomvi huo.

Basi atakayekwenda kliniki wiki hii na ana dalili hizi, aseme maneno yanayofanana na haya, na kama anaogopa kusahau amwambie mjukuu ayaandike: “Daktari, metformini nimeitumia miaka kadhaa. Miguu inawaka usiku na mchana inakufa ganzi. Je, inafaa nipimwe B12?” Kipimo hicho hakipo kila mahali na kina gharama yake; daktari anaweza kuamua vinginevyo, na hiyo ni kazi yake. Asiache dawa hata siku moja kwa uamuzi wake mwenyewe, wala kwa kusikia ushuhuda wa mtu mwingine.

Kuhusu somo letu la pili, kila Alhamisi Kuu naoshea miguu watu kumi na wawili, na kila mwaka nakuta imeshasuguliwa kwa jiwe la pumi na kupakwa mafuta nyumbani. Inang'aa kuliko yangu. Nadhani Bwana wetu usiku ule hakukuta miguu ya namna hiyo. Alikuta vumbi, nyufa, pengine kidonda kati ya vidole, na kwa kuwa alikuwa ameinama aliziona nyayo ambazo mwenyewe hawezi kuziona kirahisi. Mwenye sukari anashauriwa aangalie nyayo zake kila siku, lakini mzee wa goti bovu na macho ya ukungu ataziangaliaje? Kazi hiyo ni ya mtoto, ya mkwe, ya mjukuu wa kidato cha tatu aliye na tochi kwenye simu. Katikati ya vidole, kisigino, chini ya kidole gumba. Haichukui muda wa kusema Baba Yetu mara mbili.

Bibi yetu wa Fumba alikwenda kliniki na mkwewe, na safari hii mkwe ndiye aliyesema. Damu ikachukuliwa ikapelekwa kupimwa kwengine, na majibu yaliporudi B12 ilikuwa chini. Amechomwa sindano kadhaa na anaendelea. Metformini anaitumia bado. Omeprazoli daktari ameisimamisha. Ule moto wa usiku umepungua kiasi cha kulala na shuka, lakini vidole bado havisikii, na ameambiwa kwamba sehemu hiyo huenda ni ya sukari na isirudi. Benchi la mbele bado analishika tukisali.

Jumapili ijayo, baada ya misa, muumini mwenzetu ambaye ni muuguzi atakaa chini ya mwembe. Kila anayetumia dawa ya muda mrefu, ya sukari, presha, kifafa, kifua kikuu au nyingine yoyote, aje na kopo lake kama lilivyo. Atasaidiwa kuandika orodha ya dawa na tangu lini anazitumia, akaipeleke kwa daktari wake. Leteni pamoja na mitishamba na mafuta ya habasoda, hakuna atakayegombezwa.